Ngata Mkono wa Kulia

Watu wakitaka kujua kama mti ni mzima hutazama majani. Yakiwa kijani husema mti mzima, wakaendelea na safari zao. Nikiwasikia hukasirika, maana majani ndiyo ya mwisho kupata habari. Mti unaweza kuliwa moyo wote, ukabaki gome na unene wa kiganja, na huko juu majani yakaendelea kucheza na upepo kana kwamba hakuna kilichotokea. Nayajua haya kwa sababu niliishi miaka tisa ukingoni mwa msitu na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuipima miti. Miaka miwili ya mwisho kazi hiyo niliifanya mimi, ingawa hakuna aliyejua.

Mume wangu alikuwa askari wa msitu wa serikali, enzi za Mwingereza, kule mbele ya Kibamba, ukitoka mjini kwa barabara ya Morogoro. Mimi ni mzaliwa wa Kinondoni, wakati Kinondoni yenyewe bado ni minazi na mihogo. Yeye alikuwa Mngindo, mtu wa kusini, aliyerudi kutoka vita ya Burma akiwa na koti moja zito na tabia ya kunyamaza. Ndugu zangu walimpa mke kwa shingo upande. Walisema mtu wa mbali humjui akikasirika yukoje. Mimi niliwajibu kwamba wa karibu nawajua wote, ndiyo maana nimemtaka wa mbali. Nilikuwa na mdomo siku hizo, na sijui kama umenipungua.

Nyumba ya askari ilikuwa mpakani mwa msitu, ya udongo na makuti, na hatua chache kutoka mlangoni ulisimama mkongo mkubwa. Anayeujua mkongo anazijua mbegu zake, nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu. Upande wa pili wa mkongo ule kulikuwa na nyumba ya mjane mmoja wa Kizaramo, mkunga, aliyekuwa akisuka mikeka kutwa na kunisema kutwa. Alinifundisha kupika mboga za msituni, akanifundisha na kunyamaza mume anapokuwa na njaa, ila hilo la pili sikulishika. Mwanangu wa kike alizaliwa mikononi mwake. Kitovu kilipoanguka, mkunga alikichukua akakizika chini ya mkongo, upande wa mawio ya jua, akaniambia mti huu hauna haraka, na mtoto naye asiwe na haraka.

Kuanzia hapo nilipafagia pale mahali kila asubuhi. Nilikuwa nafagia uwanja wote, lakini pale nilifagia kwa mkono wa pole.

Mtoto alipotimiza miaka mitatu, mume wangu alipata ruhusa ya kwenda kwao kumwonyesha bibi mjukuu. Mimi sikwenda. Mama yangu alikuwa mgonjwa Kinondoni na hakuna mwingine wa kumuuguza. Nilimvika mtoto nguo mpya, nikampa mbegu za mkongo kwenye kijifuko akachezee njiani. Baada ya miezi miwili mume wangu alirudi peke yake. Ilikuwa surua, alisema. Ilipita vijiji vile ikachukua watoto wengi, na wetu akiwemo. Alimzika mwenyewe huko huko, kwenye mwendo wa siku nyingi kutoka barabara ya lori. Mimi kaburi la mwanangu sikuliona, wala hadi leo sijaliona.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sitaupamba. Nitasema jambo moja tu. Mtu akifiwa na mtoto wa pekee watu huacha kumwita kwa jina la yule mtoto. Wanadhani wanamhurumia. Wakaanza kuniita mke wa askari, wengine wakaniita bibie. Mume wangu peke yake aliendelea kuniita Mama Mtoto, kama zamani. Na mimi nikaendelea kufagia chini ya mkongo, maana kaburi jingine sikuwa nalo.

Sasa niseme kazi ilivyokuwa. Askari wa msitu wengi walikuwa kazi yao ni kukamata watu wenye mashoka. Yeye alifanya hivyo pia, lakini alilopenda ni kuijua miti. Alinifundisha pasipo kukusudia, kwa kusema peke yake. Mti ukianza kukauka kileleni, alisema, usitafute ugonjwa juu, tafuta mizizini. Ukikauka upande mmoja, fuata upande huo huo chini, utakuta mzizi umekatwa au umeoza. Moto wa msituni huumiza mti kwa upande wa juu wa mteremko, kwa sababu huko ndiko majani makavu hurundikana, na jeraha hilo ndilo mlango wa kuoza. Utomvu unaochuruzika bila kukatwa ni mti unaojitetea. Uyoga mgumu uliojishika kwenye shina kama sikio si uyoga wa juzi. Ugonjwa umeshakaa ndani miaka, na sasa umetoka kuota jua. Na ukikuta unga mlaini chini ya mti, wa rangi ya mbao, basi kuna mdudu bungua kazini, na kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini hukumu yenyewe ilikuwa ya sauti. Alishika shoka, akaligeuza, akagonga shina kwa kisogo chake. Goti, kiuno, na juu ya kichwa, pande zote nne. Mti mzima hujibu kwa ufupi na ugumu. Mti uliooza ndani hujibu kwa uvivu, sauti inazunguka kwanza halafu ndiyo inatoka. Alisema ni kama kubisha hodi. Kuna mlango unaojua ukibisha kwamba watu wamo, na mwingine unajua kabla hujamaliza kwamba walishahama. Mzima aliupiga mstari wa chokaa. Uliooza aliubandua gome kidogo, akagonga nyundo ya muhuri wa serikali, na wakataji wakaja wiki ile.

Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na mizinga ya Burma. Kwanza aliacha kusikia ndege. Halafu akaacha kunisikia nikiwa nyuma yake, jambo ambalo mwanzoni tulilifanyia mzaha, kwa kuwa nyuma yake ndiko nilikosemea mengi. Mwaka uliofuata kifo cha mtoto alikuwa hasikii kitu ila akikutazama mdomo. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya mti mmoja, mtondoo, anagonga, anagonga tena, na machozi yanamtoka. Hakuniona. Nilirudi nyumbani nikapika, na alipokuja nilimwambia kwa mdomo mpana, nikimshika kidevu ili anitazame, kwamba kesho nitakwenda naye kuokota kuni.

Kuni kavu zilizoanguka ziliruhusiwa, mzigo mmoja wa kichwa kwa mwanamke. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa sana kumwona mke wa askari msituni na ngata yake, ule mviringo wa nguo tunaouweka kichwani chini ya mzigo. Mkunga alicheka tu, akasema mlinzi naye amepata mlinzi. Tulikubaliana hivi: yeye anagonga, mimi nimesimama mahali anaponiona. Nikisikia mti mzima, ngata naishika mkono wa kulia. Nikisikia umeoza, naihamishia kushoto. Hata Mzungu wa msitu alipokuja na karani wake kukagua, nilikuwa pale pembeni na kamba ya kuni kiunoni, mwanamke mjinga wa kienyeji, na ngata ikihama kutoka mkono hadi mkono. Mzungu alimsifu mume wangu kwa sikio lake. Usiku ule tulicheka mpaka tukashindwa kula, na nadhani kilikuwa kicheko chetu cha kwanza tangu msiba.

Miaka miwili tulikwenda hivyo. Nilikuwa hodari, naweza kusema bila haya. Nilifika mahali naujua mti kabla ya kisogo cha shoka kugusa kiuno.

Ndipo nilipouona unga chini ya mkongo.

Nilikuwa nafagia kama kila siku, upande ule wa mawio, na ufagio ukaacha mchirizi wa unga. Niliinama nikauchota kwa vidole. Ulikuwa mlaini, wa rangi ya mbao, mkavu. Nilisimama nao kiganjani. Mtu aliyefundishwa kama nilivyofundishwa angejua la kufanya. Mimi niliufagia. Kesho yake ulikuwapo tena, nikaufagia tena. Na hapo ndipo nilipogundua jambo lililonitia baridi, kwamba huenda unga ule ulikuwa ukianguka miezi mingi, na mimi, kwa ufagio wangu wa kila alfajiri, nilikuwa naiondoa dalili kabla mume wangu hajafumbua macho. Mkono wangu wa pole ndio uliomficha bungua.

Baada ya wiki kadhaa uyoga ukatokea, mdogo, kule karibu na mizizi ambako moto wa zamani uliwahi kuuma gome. Niliubandua kwa kisu cha jikoni nikautupa motoni. Huo nao ulirudi. La kuvunda halina ubani, na bado nilikuwa nafukiza.

Kabla ya masika ikaja amri. Mti mmoja mbele huko ulikuwa umeanguka ukaziba barabara, na Mzungu akataka miti yote mikubwa ya kandokando ya barabara na ya karibu na nyumba ipimwe, isibaki hata mmoja. Tulipima siku nne. Siku ya tano asubuhi mume wangu alitoka na shoka mlangoni kwetu, akaukabili mkongo.

Mkunga alikuwa upande wake, ukili wa mkeka mapajani, miguu ameinyoosha. Akauliza kama na mti wangu huu mnaupima. Nikamwambia ni amri tu.

Mume wangu aligonga penye goti. Sauti ilizunguka. Aligonga penye kiuno, ikazunguka zaidi, kama pipa. Juu ya kichwa ikawa afadhali, lakini afadhali ya mgonjwa. Alizunguka pande nne, kisha akasimama, kiganja cha mkono mmoja kimelala kwenye gome, akanitazama.

Ngata ilikuwa mkono wa kulia. Nilitakiwa niihamishe. Niliona wakataji wakija wiki ile, msumeno wa watu wawili, kisiki, halafu watu wa mkaa wakichimbua mizizi yake, na kile alichokizika mkunga kikitupwa na jembe la mtu asiyejua. Nilijiambia mti mnene namna hii utasimama miaka. Nilijiambia nitamwambia mkunga asikae tena upande ule. Nilijiambia mengi katika muda ule mfupi, na mkono haukusogea.

Aliitazama ngata. Kisha akachovya brashi kwenye chokaa akapiga mstari.

Mkunga sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Kila siku nilisema kesho.

Masika yale yalikuwa mazito. Siku tatu mvua ilinyesha mfululizo, bila upepo. Asubuhi ya siku ya nne mvua ilipungua na mkunga akawasha moto kwenye jiko lake la nje. Niliona moshi. Nilikuwa mlangoni napepeta mchele na mume wangu alikuwa ndani anafunga viatu. Nilisikia mlio kama nguo ya merikani inayochanwa taratibu, kutoka chini kwenda juu. Nadhani nilipiga kelele. Mume wangu hakunisikia, lakini aliusikia mti kwa miguu, kupitia ardhini, akatoka mbio na kiatu kimoja.

Jiko halikuwapo. Tuliwaita watu, tukakata matawi mpaka jua likawa kichwani. Tulimkuta mkunga bado ana ukili mkononi. Sitasema zaidi kuhusu hilo.

Shina lilikuwa limevunjika penye kiuno, na kisiki kimebaki wazi kama kinu. Ndani palikuwa peusi na majimaji, mchwa wanakimbia, harufu ya uyoga. Nilienda upande wa mawio. Mzizi mmoja ulikuwa umenyanyuka na shimo limefunguka. Nilichungulia. Palikuwa na udongo tu.

Baada ya maziko Mzungu alikuja na karani. Aligonga kisiki kwa fimbo yake, na hata mtoto angesikia. Karani akauliza nani alipiga chokaa. Mume wangu, macho yake kwenye midomo ya karani, akajibu, "Mimi. Niligonga mwenyewe, nikasikia mwenyewe." Mzungu alizunguka nyuma yake akasema neno. Akalirudia kwa sauti kubwa. Mume wangu aliendelea kumtazama karani. Watu wote pale uwanjani waliona, na nikasikia minong'ono ikianza, kiziwi, kumbe ni kiziwi. Nilifungua mdomo. Yeye alinitazama mara moja, akatikisa kichwa kidogo sana. Mimi sijawahi kuwa mke mtiifu, lakini siku ile nilitii upesi.

Walichukua shoka na nyundo ya muhuri. Tulihamia Temeke. Huko alichonga vinu na michi, miiko na mbuzi za kukunia nazi, na mafundi wa Kimakonde waliokuwa jirani walimheshimu kwa mkono wake, ila mtaani jina lake lilikuwa Kiziwi. Habari ilikuwa imetangulia kufika, kwamba huyu ndiye aliyemuua mjane wa watu kwa masikio yake. Miaka kumi na zaidi alilibeba hilo na mimi nilimtazama akilibeba. Binti wa mkunga alikuwa ameolewa Vingunguti. Kila Idi alikuja kutuamkia, akaleta sahani ya biriani imefunikwa kawa aliyosuka mama yake. Alikuwa akimshika mume wangu mkono na kumwambia, kwa mdomo mpana kama nilivyomfundisha, kwamba ni kazi ya Mungu. Nilikuwa naipokea sahani ile na kuioshea ndani peke yangu.

Mume wangu alipoanza kuugua kifua hakuacha kazi. Alasiri moja alikuwa kibarazani anachagua magogo ya vinu. Alikuwa akiweka kiganja kwenye gogo, anagonga kidogo kwa mchi, halafu analiweka kulia au kushoto. Sikumtilia maanani mwanzoni. Kisha nikaona ameweka moja kando, zuri, limenyooka, nikamuuliza lina nini. Akasema lina ufa ndani.

Nilichukua mchi nikaligonga mwenyewe. Lilikuwa na ufa.

Nilimshika kidevu kama zamani. "Umejuaje?"

"Mkono," alisema. "Mkono wangu unasikia. Mti mzima unakurudishia, mti tupu unatetemeka."

"Tangu lini?"

Akasema tangu mwaka ule wa kwanza wa ngata, labda mwezi wa nne au wa tano. Nikamuuliza, sasa alikuwa ananichosha msituni kwa nini? Akasema, "Ningekuacha nyumbani ungekaa kuutazama ule mti kutwa."

Nilikaa chini. Nilitamka neno moja tu, pole pole, ili midomo yangu asiikosee.

"Mkongo?"

Hakunitazama. Aliupapasa ule ufa asiouona. "Mtoto nilimchukua mie, Mama Mtoto," alisema. "Nilimchukua kwa mkono huu nikarudi mtupu. Ulikuwa umeishika ngata kulia. Ningewezaje kukuchukulia na mti?"

Alikufa kabla ya masika yaliyofuata. Binti wa mkunga alikuja kwenye matanga, akakaa mkekani karibu nami siku zote tatu, akinifuta machozi kwa pembe ya kanga yake, na mimi nikamwacha anifute.

Miaka yote ile nilidhani naijua siri peke yangu, kumbe naye alikuwa akiijua. Lakini asubuhi ile uwanjani tulikuwa watu watatu. Wawili tulijua. Aliyekuwa amekaa chini ya mti ndiye hakuambiwa.